Mcheza Kwao Mbele ya Jopo: Usaili wa Mwalimu wa Ngoma Tiwi

Wahenga walinena kuwa mcheza kwao hutunzwa. Methali hii hutajwa sana katika harusi za Pwani, shangazi anapomtunza mchezaji kwa noti katikati ya uwanja, na hakuna anayeihoji. Hata hivyo, mcheza kwao wa Tiwi akivaa shati lililopigwa pasi, akabeba bahasha ya vyeti na kwenda kuomba kazi ya kufundisha ngoma katika shule au hoteli isiyo mbali na nyumbani kwao, aghalabu hatunzwi. Huulizwa maswali yasiyohusiana na ngoma, akayajibu kwa lugha ambayo hajawahi kuichezea ngoma, kisha akaambiwa asubiri kupigiwa simu. Makala haya yanahusu maandalizi ya usaili wa namna hiyo: ni kitu gani hasa ambacho mwombaji anapaswa kukiandaa, na kwa nini kile anachokiandaa kwa kawaida hakimfai yeye wala watoto atakaowafundisha.

Kwa asiyeifahamu, Tiwi ni wadi ya eneo bunge la Matuga katika Kaunti ya Kwale, kando ya barabara itokayo Likoni kuelekea Lunga Lunga. Upande wa mashariki mna fuo na nyumba za wageni. Upande wa kusini, mto Mwachema ukishavukwa, ndiko zinakoanza hoteli kubwa za Diani. Wenyeji wengi ni Wadigo, na wengi wao ni Waislamu. Hoteli na dini ndizo huamua kwa kiasi kikubwa ngoma ichezwe wapi, na nani, saa ngapi na kwa maleba gani. Mwombaji asiyeyajua haya hana haja ya kupoteza nauli.

Kwa miaka mingi mwajiri mkuu wa mchezaji ngoma wa pwani ya kusini alikuwa hoteli. Kikundi cha burudani huitwa baada ya chakula cha jioni, kikacheza kwa muda mfupi uliokatwa kwa mkasi, na ndani ya muda huo sengenya ya Wadigo hufuatwa na kuruka kwa Wamaasai, kisha sarakasi, kisha mgeni mmoja au wawili huvutwa jukwaani wapigwe picha. Anayewafundisha vijana wa kikundi hicho ni mwalimu wa ngoma hata kama hajaitwa hivyo. Kazi hiyo haina uthabiti. Fujo za Likoni za Agosti 1997 ziliwafukuza watalii, ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 zikawafukuza tena, na mwaka 2020 ugonjwa wa korona ukafunga milango kabisa. Kila mara, ngoma ilikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza kuachishwa kazi.

Mwajiri wa pili ni shule, na hapa pana jambo linalostahili kuangaliwa kwa makini. Tamasha la Muziki la Kenya, ambalo historia yake inarejea mwaka 1927, lina mashindano ya ngoma za kiasili, na shule nyingi huyajali mno. Msimu ukikaribia, si ajabu shule kumtafuta mtaalamu wa kijijini, mzee au kijana, awafunze wanafunzi ngoma moja kwa wiki chache. Hulipwa kidogo, pengine kwa siku. Kombe likipatikana, picha hupigwa na mwalimu aliyeajiriwa, na mtaalamu hurudi kwenye minazi yake hadi mwaka unaofuata. Hakuna usaili aliofanyiwa, kwa sababu hakuna kazi aliyopewa. Alichopewa ni kibarua.

Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 waliingia shule za sekondari ya juu chini ya mtaala wa umilisi, na mojawapo ya mikondo mitatu waliyoweza kuchagua ni ule wa Sanaa na Sayansi ya Michezo. Ndani yake mna somo la Muziki na Densi. Neno densi, ambalo katika shule za 8-4-4 lilikuwa jambo la tamasha na la jioni baada ya masomo, sasa limo katika jina la somo lenye ratiba na tathmini. (Jina lenyewe linachekesha kidogo. Kiingereza kina maneno mawili kwa sababu wenyewe waliyatenga mambo mawili. Mswahili akisema ngoma, amekwisha kutaja chombo, mwendo wa mwili, wimbo na mkusanyiko wa watu kwa neno moja.) Kwa hiyo swali la nani atafundisha, na atachaguliwaje, si la mapambo tena.

Sheria iko wazi. Kwa mujibu wa Sheria ya Tume ya Huduma ya Walimu ya mwaka 2012, asiyesajiliwa na Tume haruhusiwi kufanya kazi ya ualimu. Kanuni hii haina ubaya. Inamlinda mtoto dhidi ya yeyote anayejiita mwalimu, na mzazi yeyote wa Tiwi angeitetea. Tatizo ni kwamba ukichukua cheti kuwa kigezo cha pekee, watu wawili husimama mlangoni na wote wawili ni pungufu. Wa kwanza ana shahada ya elimu ya muziki, anaweza kusoma nota, lakini hajawahi kukesha katika ngoma. Wa pili amecheza tangu akiwa na miaka sita, anajua ni wakati gani nzumari humwita mchezaji na ni wakati gani humfukuza, lakini cheti chake cha mwisho ni cha shule ya msingi.

Nchi hii hii imekwisha kulitatua tatizo la aina hiyo kwa mafundi. Fundi wa magari aliyejifunzia gereji ya Ukunda, bila kukanyaga chuo, anaweza kwenda kutahiniwa kwa mikono yake mbele ya Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani na akapata cheti cha daraja. Huulizwa injini, akaifungua. Aidha, sheria ya mwaka 2014 iliyounda mamlaka ya kitaifa ya kusimamia sifa za kitaaluma imefungua njia ya kuutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Ikiwa mwashi anaweza kupimwa kwa ukuta aliousimamisha, haieleweki kwa nini mchezaji asipimwe kwa mguu wake.

Jirani ana funzo pia. Tanzania iliunda Kundi la Taifa la Ngoma mwaka 1963, miaka miwili baada ya uhuru wa Tanganyika. Kundi hilo lilipovunjwa, Chuo cha Sanaa kilianzishwa Bagamoyo mwaka 1981, na baadhi ya wasanii waliokuwa wakicheza wakawa walimu wake. Mwaka 2007 chuo kikageuzwa kuwa taasisi, ndiyo TaSUBa. Yaani mchezaji alipewa darasa kwanza, na karatasi zikamfuata. Kule Unguja alikuwapo Bi Kidude, Fatuma binti Baraka, aliyefariki Aprili 2013. Dunia ilimjua kwa taarabu, na mwaka 2005 akapewa tuzo ya WOMEX. Wanawake wa Unguja walimjua kwa unyago, ambako alipiga ngoma na kuwafunda wari kwa wimbo na mwendo wa mwili. Mwalimu wa ngoma aliyemzidi ni vigumu kumtaja. Mtu ajiulize Bi Kidude angejibu nini mbele ya jopo lililomtaka aeleze udhaifu wake mkubwa ni upi na anajiona wapi baada ya miaka mitano.

Basi mwombaji wa Tiwi ajiandae vipi? Makala haya yanashikilia kwamba aandae somo, wala asiandae onyesho. Na somo hilo aliandae kwa Kiswahili.

Kosa linalowaangusha wengi wenye kipaji ni kwamba wakiambiwa waonyeshe wanachokijua, hucheza. Hucheza vizuri mno, jopo likapiga makofi, na makofi hayo ndiyo huwadanganya. Aliyeajiriwa kufundisha atakuwa mbele ya watoto arubaini ambao baadhi yao hawajui kupiga kofi kwa mpigo. Umahiri wake mwenyewe hautawasaidia kitu asipojua kuuvunja vipande. Mchukulie mwombaji aliyechagua sengenya. Ngoma zake kadhaa za ukubwa mbalimbali hupokezana, juu yake pana upatu na nzumari, na mgeni akisikia mara ya kwanza huona vurugu tupu. Mwombaji aliyejiandaa huanza na mpigo mmoja, ule usiobadilika, akaugawia jopo kwa makofi. Wakishaushika, huwapa kiitikio cha wimbo wakiwa wamekaa, maana asiyeweza kuimba akiwa amekaa hatoweza akiwa anacheza. Halafu huwasimamisha, akawapa mguu peke yake, bila mabega. Mabega huja mwisho. Dakika kumi na tano zinatosha, na zikiisha mwanajopo mwenye tai atakuwa amecheza mipigo minane bila kujikwaa. Hakuna shahada inayothibitisha ualimu kuliko hilo.

Somo hilo lina vifaa vyake. Si rahisi kubeba seti ya ngoma kwenye matatu, lakini kayamba hubebeka chini ya kwapa, na mtungi wa plastiki wa lita ishirini hutoa sauti ya kutosha. Ikiwa ngoma ipo, mwombaji aombe kufika mapema. Ngozi hulegea kwa unyevu wa asubuhi za Pwani, na isipokazwa kwa moto wa makuti au kwa jua hutoa sauti ya gunia. Anayeomba nafasi ya kuianika ngoma kabla ya usaili amekwisha kujibu swali la kwanza kabla halijaulizwa. Aangalie na sakafu. Saruji huumiza magoti ya watoto, na vigae vilivyopigwa deki huvunja viuno vya watu wazima. Aseme wazi kwamba angefundishia kwenye mchanga au nyasi, na aeleze jinsi ya kupasha misuli moto kwanza. Cheti cha tabia njema kutoka kwa polisi nacho akiweke bahashani asisubiri kuulizwa, kwa kuwa kazi yake ni ya miili ya watoto. Kuhusu hilo, awe na jibu tayari: mabega ya mtoto hurekebishwa kwa neno na kwa mfano, bila kushikwashikwa.

Zipo ngoma na ngoma, na hapa ndipo panapomtenganisha mwenyeji na mgeni. Kuna za harusi, kuna za mashindano, na kuna za kupungia pepo, ambazo mpigo wake unaaminika kuwa na kazi yake. Mwalimu asiyejua tofauti hiyo anaweza kuipeleka ngoma ya tiba kwenye jukwaa la wanafunzi akidhani ameokota kitu kizuri, na siku ya pili akajikuta mbele ya wazee. UNESCO iliziingiza kaya za Wamijikenda, Kaya Kinondo ya Diani ikiwemo, katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008, na mwaka 2009 ikaziweka mila zinazohusiana na kaya hizo, nyimbo na ngoma zikiwa miongoni mwake, katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa dharura. Dharura hiyo haitokani na kusahau peke yake. Kuna kusahau, na kuna kuuza. Hotelini si mara moja ngoma yenye heshima yake imefupishwa na kuchanganywa hadi mwenyewe akashindwa kuitambua. Mwombaji akiulizwa ni ngoma zipi atazifundisha, jibu lenye uzito ni lile linalotaja pia zile ambazo hatazifundisha, na ni nani kijijini atakayemwuliza akiwa na shaka.

Halafu kuna mzazi. Jopo lolote la Tiwi lenye busara litauliza: mzazi akija shuleni na kusema mwanawe hachezi ngoma kwa sababu ya dini, mwalimu atafanya nini? Swali hili limewaangusha watu wenye vyeti na wasio na vyeti sawasawa, kwa kuwa wengi hujibu haraka kwamba utamaduni ni utamaduni. Jibu hilo ni la mtu asiyeishi Tiwi. Mzazi huyo huenda anaridhia dufu la maulidi bila wasiwasi na akakataa kiuno. Huenda hana tatizo na binti yake kucheza mbele ya wasichana wenzake na akaona haya acheze pamoja na wavulana. Huenda kinachomuudhi ni kipande cha leso tu. Mwalimu aliyejiandaa huyatenganisha mambo haya kabla ya kubishana nayo. Anaweza kugawa makundi, kurefusha maleba, kumpa mtoto kazi ya kupiga kayamba au kuongoza wimbo, na kupanga mazoezi yasigongane na chuo cha Kurani wala na mwezi wa Ramadhani, watoto wanapofunga na jua la alasiri halina huruma. Na ikiwa mzazi bado anakataa, mtoto apewe kazi nyingine isiyomwaibisha. Ngoma iliyolazimishwa haikuwahi kuwa ngoma.

Limebaki suala la lugha, ambalo linawahusu wasomaji wa jarida hili kwa karibu zaidi kuliko wanavyodhani. Usaili wa kazi hii huendeshwa mara nyingi kwa Kiingereza, na mwombaji huandaliwa na marafiki zake kukariri misamiati ya ukumbi wa Ulaya. Ilhali kila aliyefanya Karatasi ya Tatu ya Kiswahili katika KCSE amewahi kuandika kuhusu fanani, hadhira, manju, maleba na miviga. Ameandika, akapata alama, akafunga daftari. Maneno haya ni zana za kazi, na yana ndugu zake wa mtaani ambao hata hawahitaji kufundishwa: kutikisa mabega, kukata kiuno, kuburura mguu, kupiga unyayo chini, kudemadema, kupokezana, kuitikia. Mtoto wa Tiwi akiambiwa adademe, akakosea, bibi yake aliyekaa chini ya mwembe anaweza kumsahihisha. Akiambiwa kwa istilahi ya kigeni, bibi hunyamaza, na mwalimu mmoja mkubwa huwa amepotea darasani bila mtu kujua. Hii ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote za kufundishia ngoma kwa Kiswahili, na penye Kidigo kwa Kidigo: lugha hiyo humrudishia mzee nafasi ya kukosoa.

Kuna watakaosema kwamba hoteli ina wageni wa Kijerumani na Kiitaliano, na kwamba mwalimu asiyejua lugha zao hana faida. Ni kweli kwa anayesimama mbele ya wageni. Lakini anayewafundisha wachezaji hafundishi wageni, anafundisha vijana wa Tiwi, Ukunda na Msambweni. Wengine watasema mwombaji hana uwezo wa kuchagua lugha ya usaili. Hilo nalo ni kweli, na kwa sababu hiyo ajibu maswali kwa lugha aliyoulizwa. Ila akifika kwenye somo la majaribio aombe kulifundisha kwa Kiswahili, aeleze sababu kwa sentensi mbili, kisha aanze. Jopo litakalomkatalia litakuwa limejieleza lenyewe.

Wanafunzi wa Kiswahili wa vyuo vikuu wanaotoka Kwale wana nafasi hapa ambayo hawajaitumia. Wanajua nadharia ya fasihi simulizi kuliko wachezaji, na wachezaji wanajua ngoma kuliko wao. Likizo moja ndefu ingetosha mwanafunzi mmoja kukaa na kikundi kimoja cha sengenya, akayaandika maneno wanayoelekezana wakati wa mazoezi, si nyimbo tu kama ilivyo desturi ya watafiti. Daftari hilo lingekuwa kitabu cha kwanza cha mwombaji wa kazi, na mwanafunzi mwenyewe, akiwa na shahada yake ya ualimu, angeweza kujikuta ndiye mwombaji. Lakini awe amecheza. Aliyeandika kuhusu maleba bila kuyavaa hujulikana anapoinua mguu wa kwanza.

Malipo yasisahauliwe. Mwombaji wa ngoma huona haya kuuliza mshahara, kana kwamba furaha yake ni sehemu ya malipo, na waajiri wamelizoea hilo. Aulize kabla ya kutoka: je, ni ajira ya mwaka, au ni kibarua cha msimu wa tamasha? Atalipwa mwezi ambao hakuna wageni? Vyombo vikipasuka ngozi nani atanunua nyingine? Jina lake litaandikwa kwenye programu ya tamasha au la? Swali hili la mwisho halina gharama kwa mwajiri, na ndilo linalokataliwa mara nyingi.

Kwa upande wa majopo, linalotakiwa ni dogo. Chumba cha usaili huwa na meza moja kubwa, viti vitano na feni, na hakuna ngoma iliyowahi kuchezwa katikati ya viti vitano. Viti vitolewe nje chini ya mwembe, waitwe watoto kumi wa darasa lolote, na kiti cha sita awekewe mzee mmoja wa ngoma wa pale pale, mwenye haki ya kuuliza na ya kutoa alama sawa na wengine. Mwombaji apewe robo saa na watoto hao. Vyeti vinaweza kusomwa baadaye, vikiwa vimewekewa jiwe juu yake visipeperushwe na upepo wa kusi.